Bila Ndakala Siendi

Mama Honorine aliuza samaki wa moshi katika soko la Tshopo kwa miaka thelathini na miwili, na hakuwahi kupanda ndege. Binti yake Nathalie, anayeishi Liège, Ubelgiji, alipompigia simu kumwambia kwamba viza imetoka, mama aliuliza hata kabla ya kushukuru: “Na Ndakala je?”

Ndakala ni paka wake wa kijivu. Alipewa jina la wale samaki wadogo wakavu kwa sababu aliokotwa ndani ya gunia lao. Ni mwoga kupita kiasi: sufuria ikianguka, huingia chini ya kitanda mpaka kesho yake. Mwaka juzi Mama Honorine alikwenda msibani Yanonge siku tisa, na jirani akamwekea paka chakula kila siku. Aliporudi, chakula kilikuwa palepale, na Ndakala amebaki mifupa na macho. Ndiyo maana Nathalie aliposema paka abaki, alijibiwa kwa ufupi: “Bila yeye, siendi.”

Daktari wa mifugo alimchoma Ndakala sindano ya kinga ya kichaa cha mbwa. Baadaye alituma damu yake kupimwa, akaeleza kwamba sheria ya Ubelgiji inataka kungoja miezi mitatu kabla ya paka kuingia huko. Mama akaomba dawa ya usingizi.

“Hapana, mama. Kule juu inaweza kumukata pumuzi. Mufundishe tu.”

Basi akamfundisha. Kwanza mfuko wa safari, wenye madirisha ya wavu, ulikaa wazi sebuleni na kipande cha samaki ndani. Ndakala akaanza kula humo, kisha kulala humo. Ndipo mama akafunga zipu: dakika moja, dakika tano, saa nzima. Wakapanda toleka, baiskeli ya abiria, wakaenda mtaa wa Makiso na kurudi. Mwishowe akawa anampeleka kila asubuhi karibu na bwawa la umeme la mto Tshopo, mahali maji yanaponguruma mpaka kifua kinatetemeka, wakakaa juu ya jiwe wakisikiliza.

“Mama Honorine, mutoto wako iko mwaka ya ngapi ku masomo?” aliuliza Dady, mwendesha toleka.

“Ya pili. Wewe uliachia mu ya kwanza.”

Shemeji yake, Bavon, hakucheka. “Mama muzee na paka ndani ya ndege? Watu watasema uko ndoki, muchawi.”

“Ndoki anarukaka bure, Bavon. Mimi niko na tiketi.”

Kwenye uwanja wa ndege, karatasi zilikubaliwa, na mfuko pia. Lakini kwenye mashine ya ukaguzi ofisa alinyoosha kidole.

“Utoe paka, mama. Mufuko unapita ku mashini, paka anapita na wewe.”

Somo hilo hawakulifanya. Mizigo ilikuwa ikiburutwa sakafuni, kipaza sauti kikikwaruza. Paka akiponyoka hapo, nani angemkamata?

“Atakimbia, papa.”

“Alors, mutabaki wote wawili.”

Mama Honorine alifungua kitenge cha juu kiunoni, kile cha sokoni, ambacho Nathalie alimsihi akiache kwa sababu ya harufu. Alikipenyeza mfukoni kabla zipu haijafunguka yote, akamviringisha Ndakala kichwa na makucha, akamfunga kifuani kwa fundo lilelile lililobeba watoto wake sita. Kitenge kilirukaruka. Kisha kikatulia. Akapita.

“Mutoto iko na jina gani?” ofisa aliuliza.

“Ndakala.”

“Hata bila kuniambia, harufu nilishaisikia.”

Ndege ilipoanza kunguruma, Ndakala alisimamisha masikio ndani ya mfuko, akasikiliza kama pale bwawani, akalaza kidevu. Mama Honorine ndiye aliyeng'ang'ania kiti kwa mkono mmoja, vidole vya mkono wa pili vikiwa ndani ya zipu, juu ya manyoya yenye joto.

Kinshasa walibadili ndege, maana safari ndefu ilikuwa bado mbele. Kwenye ukaguzi ofisa mwingine alimtazama, akafungua kinywa ili aseme. Mama Honorine alikuwa ameshafungua kitenge.