Mikono Miwili ya Kushoto

Mzazi alikuwa na hasira hata kabla wageni hawajabisha hodi. Wiki ya nne hiyo alikuwa ndani ya chumba kimoja, na wifi yake, aliyekuja kumsaidia, alikuwa ameshamkataza kufungua dirisha, kugusa maji baridi na kuinama. Akiuliza sababu, aliambiwa kwamba mzazi haulizi maswali.

Ndiyo maana sauti ya mpiga pasi ilipopanda ngazi, ikiuliza kama hapa ndipo anapojificha yule mvivu aliyezaa ili akwepe kazi, alijikuta anacheka peke yake. Nyuma ya mpiga pasi alikuwa mtia vifungo, mwembamba kama sindano zake na mwenye ulimi mkali kuzishinda. Miaka kumi na mmoja watatu hao walikuwa wameshona nguo chini ya bati moja, yeye akiwa mkataji. Walimwita Futi, kwa kuwa jicho lake lilishapima kitambaa kabla futi haijatoka shingoni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa nusu saa alipona kweli. Walimnyang'anya mtoto, wakabishana kuhusu pua yake, wakakubaliana kwamba pua ni ya baba na Mungu atasaidia. Walimwita Futi, jina ambalo hakuna aliyelitaja humo ndani tangu alipojifungua. Hata wifi alicheka, akaenda kuchemsha chai. Jambo moja tu lilimkuna Futi pembeni ya akili: ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Msimamizi wa karakana yao, anayehesabu dakika za mtu kwenda chooni, amewezaje kutoa ruhusa kwa watu wawili siku moja?

Kisha wakatoa zawadi, kijikoti cha mtoto, kimeshonwa kwa vipande vya nguo za shule. Futi alimvisha mwanawe. Mkono mmoja ulikaa vizuri. Wa pili ulijivuta mbele na kujikunja kwapani, kana kwamba unatafuta bega jingine. Alikivua, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Hii mikono yote miwili ni ya kushoto," alisema. "Nani kakata?"

Wageni walitazamana, wakapasuka kwa kicheko. Mpiga pasi akasimulia huku anajifuta machozi. Mpwa wa msimamizi, binti aliyewekwa kushikilia meza ya kukatia mpaka Futi arudi, alitandaza kitambaa chote uso juu, akakata tabaka kumi kumi bila kugeuza karatasi ya kipimo hata mara moja. Mikono mia mbili ya mashati ya shule, na yote ya kushoto, na kijikoti nacho kakikata vilevile. Aligundua pale mshonaji alipojaribu shati la kwanza na kumuuliza kama shule hiyo ina watoto wa aina gani.

Futi alicheka hadi mshono wake mwenyewe ukamuuma. Na wakiwa bado wanacheka, mtia vifungo akaingiza mkono mkobani. "Halafu tumekuletea mkasi wako. Msimamizi kasema ukae nao tu."

Kicheko kikakatika.

Kwenye karakana ile kila mkataji alikuwa na mkasi wake na msumari wake ukutani. Akienda likizo mkasi hubaki msumarini. Hushushwa siku mtu anapoondoka moja kwa moja. Futi aliuchukua, akajaribu ncha kwenye ukingo wa leso. Ukatafuna. Makali yalikuwa yamelika, na katikati ya meno yake palikuwa na vumbi jeupe.

"Kaukatia karatasi," alisema polepole. "Huyo mpwa kanipora meza, halafu mkasi wangu kaukatia karatasi. Nanyi mmekuja kuniona, au mmetumwa?"

Mtia vifungo, ambaye uongo haukumkaa mdomoni, akajibu, "Yote mawili, dada. Meza kampa mpwa wake moja kwa moja. Na katuomba tukuulize, kama kwa mazungumzo tu, ile mikono inaokolewaje. Mzigo unatakiwa Ijumaa."

Wifi aliingia na chai, akaona uso wa mzazi, akaonya kwamba hasira hukausha maziwa.

"Ingekuwa hivyo, wifi, ukoo wako wote ungekufa na njaa," Futi alisema. "Mpigieni simu. Sasa hivi. Na iwe kwa spika, sote tusikie."

Msimamizi alianza na hongera nyingi. Futi akamkatiza, akauliza mkasi wake umefuata nini kwake. Yule bwana akazunguka: walifikiri mama angependa kulea kwanza, na damu ya ndugu ni nzito, na kazi haiwezi kungoja.

"Nitalea, na nitakata," Futi alisema. "Meza ni ya nani?"

Kule upande wa pili pasi zilisikika zikipumua. "Mikono je?" msimamizi aliuliza.

"Meza kwanza. Na useme kwa nguvu, wenzangu walio hapo wakusikie."

Akasubiri. Mtoto akapiga chafya. Hatimaye sauti ikatoka, kavu, ikisema kwamba meza ni ya Futi mpaka atakaporudi, na hata akisharudi. Nyuma yake mtu mmoja alipiga makofi, akanyamaza haraka.

Ndipo akamwambia. Achukue mikono mia, ashushe kichwa cha kila mmoja, pale unapoungwa begani, vidole viwili, achonge upya, upande wa nyuma ndio uwe mbele. Urefu uliopotea aurudishe kwenye kafu za vifundoni, ambazo hukatwa baada ya yote. Msimamizi alianza kushukuru. Futi akabonyeza simu, ikakatika.

Mkasi aliufunga kwenye leso, akamkabidhi mpiga pasi. "Upeleke kwa mnoaji kwanza. Halafu msumarini. Mtu akiugusa niambie, usinionee haya."

"Umetukasirikia?" mpiga pasi aliuliza mlangoni.

"Sana. Njooni tena Jumapili."

Walipokwisha kushuka ngazi, alifungua dirisha. Wifi akakusanya vikombe. Futi akaomba wembe, akakilaza kijikoti gotini, na kuanza kuufumua ule mkono wa pili.