Neno la Kizungu la Machozi ya Shangazi

Baba alipokufa, sikulia. Miezi saba nilikuwa nikimlisha uji kwa kijiko na kumgeuza ubavu katika chumba chetu cha Magogoni, na siku alipotolewa kwenda kuzikwa nilisimama mlangoni nikitazama viatu vya watu.

Wanawake waliketi ndani juu ya mikeka. Kila aliyeingia alilia kidogo, akampa mama mkono, akatafuta pa kukaa. Shangazi yangu alivuka kwa feri kutoka Likoni, na kilio chake kilisikika tangu njiani. Muda wote wa ugonjwa hakuja hata mara moja.

Nilisikia wakinong'onezana juu yangu. "Huyo ndiye bintiye marehemu, hata chozi. Hakumpenda babake." Hilo ndilo lililoniuma, kama kuna kitu kiliniuma siku zile.

Siku ya pili tulikuwa uani tukiosha sufuria, mimi na binti wa jirani anayesoma sekondari. Akaniambia Kiingereza kina neno la mtu anayelia kama shangazi: insincere. Mimi niliishia darasa la nane. Nikamwuliza, "Si ndiyo mnafiki?"

"Ala, mnafiki ni neno la motoni hilo. Usimwite mtu hivyo, utapata dhambi. Hili la Kizungu ni jepesi. Ni mtu anayeonyesha huzuni ambayo moyoni hana, basi."

Nililirudia kimoyomoyo mpaka sufuria zikaisha.

Siku ya tatu, baada ya hitima, shangazi alinishika kidevu mbele ya watu. "Mwanangu, una moyo wa jiwe? Aliyekufa ni babako, si paka."

Mimi si msemaji. Nikasema, "Shangazi, wewe ni insincere."

"Ndiyo nini?"

Nikamweleza polepole, kama nilivyoelezwa. Mtu mmoja akakohoa. Shangazi hakukasirika. Aliniachia kidevu, akasema, "Nilikuwa naogopa kumwona alivyokonda. Na wewe usiyelia, waitwaje kwa Kizungu?"

Nikashika pindo la leso yangu.

Mama akasema kutoka pembeni, "Huyo ndiye aliyekuwa akimgeuza. Mwacheni."

Wote wakanitazama. Nikaona wananingoja nilie. Nikavuta leso, nikajifunika uso, nikatikisa mabega kidogo.

"Afadhali," akasema mmoja. "Alie, atoe."

Mkono wa shangazi ulikuwa mgongoni mwangu. Ndani ya leso kulikuwa na joto tu, na macho yangu makavu.