Jaukala na Mtihani

"Jaukala anatoroka shule kufuata wavulana," jirani yangu Debsara alininong'oneza bombani. Mimi, mke wa kaka yake, nilijua alipo. Kila akiingia mwezini, mama yake humweka kwenye kibanda cha mbuzi, maana huku kwetu Achham, Nepal, msichana wa hali hiyo akigusa kitabu, miungu hukasirika.

Aliporudi shule, mwalimu alimsimamisha mbele ya wavulana aseme sababu ya utoro. Akatazama sakafu.

"Bubu, eh? Ukikosa tena, mtihani usahau." Darasa zima likacheka.

Jana, akiwa kibandani tena, nilimpelekea mkate. Alingoja niuweke chini, asije akamgusa mwanangu niliyembeba mgongoni.

"Wifi," akasema, "nichukulie sare pale kambani, uifiche kwako. Kesho ni mtihani; nitaivaa niende shule. Mama akiuliza, mwambie nimelala."