Poda Kabla ya Matokeo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Augustin Likunde anaingia Makiso, katikati ya mji, akikanyaga pedali za toleka, baiskeli yake ya abiria. Nyuma, kwenye mto wa kukalia, amekaa mteja asiyelipa nauli: Chancelle, binti yake wa miaka kumi na sita.

"Swali ya tatu!" Augustin anapaza sauti bila kugeuka. Yeye mwenyewe aliishia darasa la tano, kwa hiyo maswali ameyakariri kama sala.

Jibu linatoka kabla gurudumu halijamaliza mzunguko. La nne vilevile, na la tano.

Lakini msimamishe Chancelle mbele ya mwalimu, macho ya wenzake yamkodolee, ulimi unaganda. Mwaka jana alipata asilimia thelathini na nane.

"Watu wanasema mutoto hana akili," anasema Augustin. "Akili iko. Miye njo nilimuharibisha."

Katika miaka kumi na miwili ya toleka amebeba, anaapa, nguruwe hai, bibi harusi, na siku moja jeneza na mfiwa juu yake. Wote hao, isipokuwa maiti pengine, walisikia habari moja: binti yake atakuwa daktari. Haikuchukua muda, kituo kizima cha toleka bandarini kikampa Chancelle jina.

"Daktari, mugongo inaniuma!" wanaume wazima walimpigia kelele akipita. Mwanzoni alicheka. Baadaye akaanza kuzunguka njia za nyuma.

Hapa Kisangani, matokeo husomwa uwanjani mbele ya wazazi, jina na asilimia. Anayefaulu humwagiwa poda. Mwaka jana Augustin hakuweza kungoja. Alimmwagia nyumbani asubuhi, makopo mawili, kisha akampeleka shuleni na toleka kumi na moja zikipiga kengele.

"Papa, ngoja kwanza wasome," Chancelle alimsihi.

"Kungoja nini? Daktari anangojaka?"

Ikasomwa thelathini na nane. Kisha mtu akasema, "Tazameni daktari wa poda!" Kicheko kile, Augustin anasema, kilisikika hadi ng'ambo ya mto. Chancelle alirudi kwa miguu, mweupe kichwani hadi mabegani. Wiki tatu hakumsemesha baba yake.

Sasa anarudia darasa. Mwalimu wake wa hesabu, Priscille, alimwita Augustin. "Papa, nilimupatia mutihani peke yake, hakuna mutu wa kumuangalia. Akapata kumi na saba juu ya makumi mbili. Woga njo inamufunga."

Ndiyo sababu Augustin anauliza maswali akiwa amempa mgongo.

Chancelle akianguka tena Julai, shule itamfukuza. Kurudia mara ya pili hakuruhusiwi. Augustin alimwomba mkuu wa shule amsomee Chancelle matokeo yake ofisini. Mkuu alicheka. "Papa, ulituletea kengele kumi na moja, leo unataka kimya?"

Wiki iliyopita, langoni pa shule, Chancelle alishuka akaangalia chini.

"Papa, siku ya matokeo usikuje."

"Nisimame mbali, kwenye barabara?"

"Hata barabarani. Nitajua uko."

Augustin hafichi kwamba neno lile lilimchoma. "Angenipiga kofi, ningeona afazali."

Mpango ameshaupanga. Siku hiyo ataondoka alfajiri hadi Bengamisa, kilomita zaidi ya hamsini, arudi matokeo yakiwa yameshasomwa.

Na asipopata abiria wa kwenda huko?

"Nitabeba jiwe," anasema.