Kesi ya Dongar Pat

Huko kwenye vilima vya Bastar alikuwepo mama mmoja aitwaye Sukdai, na watu walimjua kwa mambo mawili. La kwanza ni pombe yake ya maua ya mti wa mahua, ambayo haikumwumiza mtu kichwa kesho yake. La pili ni ulimi wake, ambao uliwaumiza wote. Aliolewa kijijini Tumdapal akiwa msichana mbichi, akamzaa binti mmoja ambaye naye aliolewa mbali, ng'ambo ya mto. Mume wake, Budhsan, alikuwa mmoja wa wanaume wanne wa kumbeba mungu wa kijiji.

Mungu huyo ndiye Dongar Pat. Mwili wake ulikuwa magogo mawili marefu, yameunganishwa kama machela, yamevikwa vipande vya fedha na manyoya ya tausi. Wanaume wanne humwinua mabegani, na akishatulia pale juu si wao tena wanaokwenda, ni yeye. Mbuzi akiibwa, Dongar Pat hutoka mbio, huvuka mashamba, hupanda na kushuka, mpaka agonge mlango wa mwizi. Mara nyingi Budhsan alirudi nyumbani bega limechubuka, na Sukdai akamkanda kwa mafuta ya moto.

"Hivi kweli anawasukuma," alimwuliza siku moja, "au mnasukumana wenyewe?"

"Mke wangu, wewe unanijua mimi ni mvivu. Ningeukimbilia mlima ule kwa hiari yangu?"

Sukdai alicheka sana, kwa sababu lilikuwa jibu la mtu mkweli, na hakumwuliza tena.

Budhsan alikufa kwa kuumwa na nyoka akikata nyasi za kuezekea. Nafasi yake begani ikachukuliwa na mdogo wake, Mangtu, kijana mpole, mzito wa maneno, aliyempenda shemeji yake kama dada. Sukdai akabaki na shamba lake dogo la mpunga, mitungi yake ya pombe, na ulimi wake.

Ndipo ukaja ugonjwa wa ng'ombe. Walianza kutoka mate, kisha kwato zikaoza, kisha wakalala wasiinuke. Kila boma lilinuka. Watu walimlilia Dongar Pat mchana kutwa, wakamchinjia, wakamnywesha pombe. Mwishowe mzee Ramdhar, kuhani wake, akasema mungu atolewe amtafute anayewaloga.

Sukdai alikuwa uani anatwanga mpunga aliposikia ngoma zinakaribia. Aliinua kichwa, akawaona wanaume wanne wamejaa jasho, macho yamewatoka, na Mangtu yuko mbele upande wa kulia. Alidhani wanapita. Magogo yakageuka, yakaingia uani kwake, yakagonga nguzo ya mlango mpaka udongo ukadondoka. Yakarudi nyuma, yakagonga tena.

Kisha mwanamke mmoja katika umati akasema taratibu, kama anayekumbuka kitu, "Ndiyo maana ng'ombe wake hawakufa."

"Sina ng'ombe," Sukdai alisema.

Lakini neno mchawi lilikwisha kutoka, na likitoka halirudi. Walikuja na fimbo. Mangtu alitua mzigo wake wa kimungu chini, jambo ambalo halifanyiki, akasimama mlangoni akanyosha mikono, na kwa sababu hiyo tu Sukdai aliondoka akiwa hai. Alitoka na nguo aliyovaa, akarudi kijijini kwa wazazi wake, kwa kaka yake, akapewa kibanda pembeni karibu na zizi. Watoto wa kaka yake walikatazwa kula alichopika.

Alikaa pale msimu mzima bila kulia. Mvua zilipofika katikati, akamwambia kaka yake, "Nakwenda kwa Mai."

Mai ni mungu mke mkubwa wa vilima vile, na kila mwaka katika mwezi wa mvua miungu ya vijiji vyote hupelekwa mbele yake, mlimani, itoe hesabu ya kazi zake. Mungu aliyeshindwa kuleta mvua hushitakiwa. Aliyeacha ndui iingie hushitakiwa. Wengine huachiwa, wengine huonywa, na wengine huvuliwa fedha na manyoya na kutupwa kwenye ua wa nyuma, wakae huko mpaka watubu.

Kaka yake aliacha kusokota kamba. "Dada, ukishindwa je? Ukishindwa, Mai naye atakuwa amesema wewe ni mchawi. Hata mimi sitaweza kukupokea. Hakuna kijiji kitakachokupokea."

"Najua."

"Basi nyamaza, kaa. Uji unapata."

"Uji napata," alisema Sukdai. "Wanao hata kuniamkia hawaniamkii."

Siku ya mahakama mlima ulikuwa mweusi kwa watu. Mvua ilikuwa nyembamba, ya kuudhi, na miungu ilikuwa imepangwa chini ya miti, kila mmoja na watu wake, ngoma zao zikishindana. Watu wa Tumdapal walipomwona Sukdai anapanda njia, walisogeza watoto wao nyuma. Mzee Ramdhar akamfuata pembeni. Alikuwa mtu mwenye heshima zake, ndevu nyeupe, akamsalimu kwa salamu ya vilimani.

"Johar, mama Sukdai. Nasikia umekuja kumshitaki baba yetu Dongar Pat."

"Johar, mzee. Umesikia vizuri."

"Mwanangu, nikufundishe jambo. Mungu hushitakiwa kwa kazi. Mvua haikuja, ugonjwa umeingia, hapo tunamwuliza. Lakini huwezi kumwuliza mungu kuhusu haki na dhuluma. Hayo ni mambo yetu sisi. Akitendalo yeye, hilo ndilo haki."

"Mimi nikimsingizia jirani yangu, nimekosa?"

"Umekosa."

"Nani alitukataza?"

Ramdhar aligeuka kumtazama mungu wake chini ya mti. "Yeye," alisema hatimaye.

"Basi alitukataza jambo zuri. Na yeye alishike."

Mzee akamwangalia kama mtu anayemwangalia mtoto akicheza ukingoni mwa kisima. "Ukishindwa leo, hata mimi sitakuwa na uwezo wa kukuokoa," alisema, na hakuwa anatisha. Alikuwa anaogopa kweli.

Kesi zilikwenda. Mungu mmoja alionywa kwa sababu ya nguruwe pori walioingia mashambani. Mwingine aliachiwa. Kisha likaitwa jina la Dongar Pat, na wanaume wanne wakamleta katikati, wakamtua juu ya jukwaa la miti. Kiti cha Mai, yule ambaye Mai husema kwa kinywa chake, alikuwa mwanamume mwembamba ambaye siku za kawaida hufinyanga vyungu. Lakini Mai alikwisha kumpanda tangu asubuhi, na alikaa kama mama mtu mzima mwenye wajukuu wengi, mikono magotini, akisema kwa sauti nzito ya kike.

"Nani analia?"

"Mimi," alisema Sukdai. Alieleza. Hakurembesha. Mlango, fimbo, kibanda karibu na zizi.

Ramdhar alisimama kumtetea mungu wake, naye alikuwa amejiandaa. "Mai, kosa lipo, hatukatai. Lakini si la mungu. Siku ile wabebaji walikuwa wamekunywa. Magogo yalikwenda walikokwenda miguu ya walevi."

Umati ulipumua. Ilikuwa njia nzuri ya kutokea: mungu angebaki mungu, na mama angerudi nyumbani. Mangtu akatoka kwenye mstari, akapiga magoti kwenye tope mbele ya shemeji yake. Ilionekana wazi kwamba walikwisha kukubaliana, na kwamba yeye ndiye aliyejitolea.

"Ni mimi," alisema. "Nilimsukuma mimi. Niadhibiwe mimi."

Sukdai alimtazama utosi wa kichwa. Kaka yake, aliyekuwa nyuma, alimnong'oneza, "Kubali, dada. Kubali twende zetu."

"Shemeji, inua uso," Sukdai alisema. "Ulimsukuma?"

Mangtu alishika tope kwa viganja, uso bado chini.

"Mangtu. Kaka yako alibeba bega hilo hilo, na mimi ndiye niliyelikanda. Hakuwahi kunidanganya. Niambie kama ambavyo yeye angeniambia."

"Shemeji, mimi..." Aliinua uso. "Nilikuwa navuta nyuma. Nilipojua tunakwenda kwako, nilivuta nyuma kwa nguvu zangu zote. Bega lilikwenda."

Sukdai akageukia kiti cha Mai. "Huyu simshitaki. Na wenzake siwashitaki. Wakiwa waongo siku ile, basi ni waongo siku zote, na hapo hakuna mungu, kuna mbao. Mimi nasema mungu yupo. Yupo, na alinionea."

Zogo likapanda. Mtu alipiga kelele atolewe, mwingine akasema ameshajihukumu mwenyewe. Kijiwe kikampiga Sukdai mgongoni, akasogea hatua moja tu. Na katikati ya zogo lile mzee Ramdhar alianza kutetemeka. Kilemba kilimwanguka. Alikuwa kuhani, lakini pia ndiye aliyekuwa kiti cha Dongar Pat, na mungu alipompanda, mzee yule alirefuka, kifua kikajaa, sauti ikatoka kama jiwe linaloviringika.

"Mimi ni mlima. Mlima hauulizwi."

Watu walikaa chini kwa mkupuo. Sukdai peke yake alibaki wima, na si kwa ushujaa. Magoti yalikuwa yamekataa kukunjika.

"Mlima unakula kuku?" Mai aliuliza.

"Nakula."

"Unapewa wa nini?"

"Niwalinde."

"Na huyu alikupa?"

"Kila mwaka," Sukdai alisema mwenyewe. "Na mwaka aliokufa Budhsan nikatoa mbuzi, kwa kuwa nilidhani nawe umefiwa."

"Huyu mama," alisema Mai, "ulijua ni mchawi?"

Hata wapiga ngoma wa kijiji cha mbali, ambao hawakuwa wakifuatilia, waliacha kupiga. Sauti iliporudi ilikuwa chini zaidi.

"Walinililia jina. Ng'ombe walikufa, wakanililia mchana kutwa. Sikuwa na jina."

"Hukuwa na jina, ukatoa jina."

"Mungu asiye na jibu ni mungu gani?"

Sukdai alikuwa amekuja na maneno makali mengi, ya msimu mzima, ameyanoa kibandani. Aliposikia hilo yote yakamtoka, kwa sababu alitambua sauti ya mtu aliyeogopa, na hakuwa ametazamia hofu huko.

"Ungesimama," alisema. "Ungesimama tu njiani, usiende kokote. Tungejua hujui. Tungekaa na wewe hivyo hivyo."

Ramdhar alianguka kama gunia. Alipozinduka aliomba maji, akauliza mungu amesema nini, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia.

Mai hakuchelewa. Dongar Pat amevunja agano la kuku na mbuzi. Amemtupa mtu aliyekuwa chini ya ulinzi wake. Avuliwe. Akae ua wa nyuma mpaka mama huyu amridhie. Na Sukdai arudi kwake, na atakayemwita mchawi ajibu kwa Mai mwenyewe.

Ni Mangtu na wenzake waliolazimika kumvua. Walivunja vipande vya fedha kimoja kimoja kwa vidole, wakilia waziwazi. Magogo yaliyobaki yalikuwa membamba kuliko walivyofikiri watu, na yana nyufa. Waliyalaza kwenye nyasi nyuma ya ukuta, karibu na miungu mingine iliyooza nusu, na Sukdai akatazama mpaka mwisho. Hakufurahi. Alihisi kama siku ile walipomlaza Budhsan.

Alirudi Tumdapal. Hakuna aliyemgusa, wala hakuna aliyemzoea. Hapo kwanza walimwogopa kwa uchawi. Sasa walimwogopa kwa sababu amemfunga mungu. Pombe yake walinunua, wakapokea kwa mkono ulionyoshwa sana. Ni Mangtu tu aliyeingia uani kwake kama zamani, akala wali na chatne ya sisimizi majimoto, akakaa bila kusema.

Mwaka uliofuata kijiji kilimwomba amridhie. Alipanda mlimani nao, akasema mbele ya Mai, "Arudi, ila asiulizwe tena jina la mtu, na akiulizwa asitaje." Mangtu na wenzake wakashika magogo. Hayakuinuka. Waliongezwa wanaume wengine, mishipa ikawatoka shingoni, hayakuinuka.

"Hataki sharti," alisema Ramdhar, macho yamejaa machozi. "Mama Sukdai, liondoe."

"Siliondoi."

Kulikuwa na watu siku hiyo ambao wangeweza kumuua, na alijua hivyo. Waliteremka mlima bila mungu, yeye nyuma yao peke yake kwenye utelezi, akisikiliza kila hatua iliyopunguza mwendo mbele yake.

Mwaka wa pili yake Mangtu alikwenda kumwinua tena kwa sharti lile lile, na magogo yakapanda begani kama mzigo wa majani makavu. Walirudi naye wakicheza. Ugonjwa wa ng'ombe uliporudi, baadhi ya wazee walimtoa nje kwa siri wakamwuliza ni nani anayewaloga. Akasimama njiani mpaka wabebaji wakachoka. Ikabidi waite daktari wa mifugo.

Si wote waliopendezwa. Walikuwepo waliosema mungu asiyetaja mwizi ana faida gani, na wakihitaji jina huteremka bondeni kwa mungu wa kijiji jirani, ambaye hutaja haraka. Mama mmoja wa huko bondeni ametajwa mchawi msimu huu. Sukdai alipopata habari hizo alifunika mitungi yake, akamwachia Mangtu ufunguo, akashika njia ya bondeni kwenda kumwambia mama yule siku ya mahakama ni lini.