Kijani ya Saa Saba

Kiwanda cha nguo kilichonichukua kule Athi River, kwenye eneo la viwanda la EPZ, mapema miaka ya elfu mbili, kilinipa mkataba wa miezi mitatu. Kazi yangu ilikuwa kuchunga kompyuta kumi na moja zilizotawanyika humo ndani, kutoka idara ya kukata hadi ya kupakia, kwa programu moja tu. Kila kompyuta ilikuwa na kiduara chake kwenye skrini. Ikiitika, kijani. Ikinyamaza dakika mbili, manjano. Dakika tano, nyekundu. Rangi hizo nilizipanga mwenyewe, na nilijiona si haba. Meneja, mzee wa maneno machache, alikuwa na skrini kama yangu ofisini kwake. Akiridhika, ataniandika kazi ya kudumu. Asiporidhika, narudi nyumbani Mumbuni kumsaidia mama kuuza nyanya, kazi ambayo sikuipenda hata kidogo.

Shida ilikuwa idara ya kupakia. Kila siku saa saba mchana kiduara chake kinakuwa nyekundu, saa nane kinarudi kijani chenyewe. Nilibadilisha waya. Nikalaumu joto, nikalaumu stima, nikamlaumu hata aliyetengeneza programu, ambaye hakuwepo kujitetea. Wiki ya tatu nikachoka, nikaenda huko saa saba kamili.

Nikamkuta msimamizi wa kupakia, mama wa makamo kutoka Ndithini, amechomoa kompyuta na kuchomeka jiko dogo la umeme. Juu yake, sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe.

"Mwaitu, mama yangu, kumbe ni wewe?" nikauliza kwa hasira.

"Soketi ni moja," akasema. "Kompyuta haili. Sisi tunakula. Kaa chini."

Nikakaa. Kufikia sahani ya pili sikukumbuka hasira ni kitu gani. Lakini majiko yalikuwa yamekatazwa kiwandani, na ningemtaja angefutwa. Basi nikafanya ujanja: nikaiambia programu kwamba saa saba hadi saa nane, kupakia ni kijani tu, iitike isiitike. Nikajipongeza.

Siku kumi baadaye lori la mzigo lilikuwa linangoja, na akina mama wa kupakia wakaamua kufanya kazi bila kupika wala kula. Saa saba na kidogo kompyuta yao ikaungua yenyewe. Hakuna aliyenipigia. Walijua nitaiona nyekundu nije mbio. Mimi nilikuwa mezani, nakula ndizi, naangalia kijani yangu.

Saa nane kiduara kikageuka nyekundu. Nilikimbia, nikawakuta wamekaa juu ya maboksi.

"Saa nzima tunakungoja," mama akasema. "Nilidhani wewe unatuona."

Hakuwa amekasirika, na hapo ndipo aibu iliponiingia sawasawa. Nilihamishia orodha za maboksi kwenye kompyuta ya idara ya pasi, lori likaondoka limechelewa, na meneja akaniita.

Njiani niliandaa uongo kuhusu stima. Mbele yake ukanishinda.

"Onyo nililizima mimi," nikasema. "Nilichoka kuona nyekundu." Jiko sikulitaja.

"Harufu ya muthokoi hufika mpaka hapa," akasema. "Ile nyekundu haikunisumbua, niliijua. Siku ilipogeuka kijani na harufu bado iko, nikajua umeanza kunidanganya. Nimengoja uniambie."

Nikaomba radhi.

"Fundi ataongeza soketi, na jiko litapewa chumba chake. Wewe rudisha onyo. Mambo ya kuandikwa, tutaona."

Kompyuta nyingine ililetwa kesho yake, lakini fundi wa soketi alichukua wiki nzima. Wiki hiyo kila saa saba kiduara kiligeuka nyekundu mbele ya meneja, na kila siku simu yangu ililia.

"Naona nyekundu."

"Ni muthokoi, mzee."

"Sawa."

Niliogopa kila ilipolia, na kila siku nilijibu vilevile. Jumatatu iliyofuata haikulia. Msichana wa ofisini kwake alikuja na bahasha, nikaifungua nimesimama: nilikuwa nimeandikwa.