Bafle Mbili Ndani ya Unga wa Muhogo

Wakati wa vita nilikuwa na sheria moja nyumbani kwangu Kabondo: kitu kisilie. Askari walikuwa wamepiga kambi katika shule iliyo nyuma ya uwanja wetu, na walikuwa na masikio. Ukiwasha redio asubuhi, saa sita wanakuja kuiulizia. Saa ya ukutani ya jirani yangu iliondoka hivyo, kwa kosa la kugonga. Basi nikaamuru. Redio nikaifukia. Kengele ya baiskeli nikaing'oa kwa kisu. Jogoo wangu, mkubwa, mzuri, ambaye hakunikosea kitu, nikamchinja, kwa sababu jogoo hajui kunong'ona. Mke wa mwanangu akasimama mlangoni akinitazama nikiwa na manyoya mkononi.

Nikamwambia, "Kila kitu mu nyumba hii kifunge kinywa. Kila kitu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mke wa mwanangu alikuwa na kompyuta. Mwanangu aliinunua kabla ya vita, nayo ndiyo iliyotulisha, maana wanafunzi wa chuo kikuu walimletea kazi zao zilizoandikwa kwa mkono naye akazipiga chapa humo. Baada ya askari kuja, alizipiga kazi hizo dirisha likiwa limefungwa, na mbwa wakibweka alitupa kitenge juu ya mashine akakaa juu ya kiti kama mtu anayepumzika. Mashine ile ilikuwa na bafle mbili, vile visanduku vya kutolea sauti. Hizo nilizichukua mimi mwenyewe, nikazifunga katika mfuko wa nailoni, nikazizamisha chini kabisa ya pipa la unga wa muhogo. Hakuna mwizi anayetafuta muziki ndani ya unga.

Mwanangu alikuwa Kinshasa. Alikwenda kwa kazi ya majuma matatu, na vita ikakata nchi vipande viwili nyuma ya mgongo wake. Mto uendao Kinshasa ukafungwa. Barua hakuna, simu hakuna. Mwaka wa kwanza tulihesabu miezi, halafu tukaacha kuhesabu.

Kabla ya Noeli ya mwaka wa nne, mfanyabiashara mmoja aliyepitia Goma alimwambia shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, kwamba mwanangu amekufa kwa homa huko Kinshasa. Alisikia kwa mtu, na yule mtu alisikia kwa mtu. Shemeji alilia machozi ya kweli, nisimsingizie. Akangoja Noeli ipite, akangoja Pasaka ipite. Mwezi wa tano akaja akakaa uwanjani kwangu, kofia juu ya goti.

"Shemeji, mufu asiyeliliwa anarudi kusumbua nyumba. Posho tunakalisha matanga. Bibi yake akate nywele."

Posho kwetu ni Jumamosi, na bibi ni mke.

"Mimi silii mutu sijaona amekufa," nikasema.

"Nani ataona? Mutu anafia upande mwingine wa vita, nani ataona? Unataka akuandikie barua kama amekufa?"

"Ningependa."

"Shemeji, kichwa yako iko nguvu sawa jiwe ya mutoni Tshopo."

"Na maji inapita juu, na jiwe inabaki."

Akaenda zake. Lakini nilijua ataleta benchi Jumamosi, maana ni mtu wa kutimiza neno, na ukoo ulikuwa upande wake.  Jioni ile nilimwona mke wa mwanangu anasuka nywele zake upya, mistari midogomidogo sana, kama mtu anayefunga mlango kwa misumari mingi.

Jumatano akaja masela mmoja, mtawa aliyetoka Goma kwa ndege ya mizigo. Katikati ya kitabu chake cha sala akatoa kitu cha duara, chembamba, kinachong'aa.

"Imetoka Kinshasa, ikapita Nairobi," akasema. "Wanasema iko sauti ya mutoto yako. Mimi sijaisikia. Tulijaribu mu mashine ya muziki ya paroko, ikakataa. Inataka kompyuta."

Haikuwa na jina wala neno juu yake, kwa sababu kukutwa na barua ya Kinshasa ilikuwa njia ya kuingia gerezani. Na kompyuta nyingine za mji zilikuwa Makiso, katikati ya mji, katika ofisi za waliotutawala. Ningeipeleka kwao nikiwa na akili gani?

Nilisoma miaka miwili tu kwa masela wa zamani, tarakimu nazijua na herufi nazisukuma. Kitu kile nilikigeuza mwangani kikanitolea rangi zote za upinde wa mvua, na uso wangu mwenyewe katikati, mzee, na tundu pale penye pua. Nikakirudisha katika kitenge upesi. Ikiwa mwanangu yumo, sitaki kumwachia alama za vidole.

Siku zile mashine za bwawa la Tshopo zilikuwa zimechoka. Umeme ulikuja bila kubisha na kuondoka bila kuaga. Alhamisi ukaja. Nikafukua bafle kutoka kwenye pipa. Mfuko ulikuwa umetoboka, na zilikuwa nyeupe kama maiti za zamani. Mke wa mwanangu akazipuliza hadi tukapiga chafya sote wawili. Akachomeka waya nyuma ya mashine, akaingiza ile duara, akabofya.

Kimya.

Akachomoa, akachomeka tundu la pili. Kimya. La tatu. Kimya. Akatazama bafle, halafu akanitazama, na nikajua anachotaka kusema.

"Sema," nikamwambia.

"Mama... unga imeingia ndani."

"Unga yangu haina kosa. Tumekula unga hiyo miaka, hakuna aliyekuwa bubu."

Umeme ukaondoka. Ijumaa nzima haukurudi. Nilitwanga muhogo kwa hasira siku ile, na kila mchi uliposhuka nilijiuliza kama ni mimi niliyemziba mwanangu mdomo kwa unga.

Jumamosi asubuhi na mapema nikapanda toleka, baiskeli ya kubeba watu, hadi Makiso kwa fundi wa redio. Ni mtu wa Maniema, mwenye kofia nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamweleza.

"Mama mukubwa, mimi ni munganga ya redio. Kompyuta sijasomea."

"Bafle si ni mutoto wa redio?"

"Ni mutoto wake."

"Basi kuja uone mutoto. Kompyuta yenyewe tutaona kisha."

Alicheka, akachukua mfuko wake. Tulipofika, umeme ulikuwa umerudi. Akaketi mbele ya zile bafle, akasema bismillahi, akafungua kwa bisibisi. Unga ukamwagika magotini mwake. Alijikung'uta tu, mtu mwenye adabu. Akapangusa kwa brashi laini, akafunga. Halafu akafanya jambo ambalo hadi leo nalifikiria.

Alichomoa waya kutoka kwenye mashine. Akazungusha kitasa cha bafle, kile cha kuongeza sauti, hadi mwisho. Akalamba kidole, akagusa ncha ya ule waya, pale panapoingia tundu. Bafle ikanguruma: mmmmm. Akaondoa kidole, ikanyamaza. Akagusa, ikanguruma.

"Nini inalia?" nikauliza.

"Ni mimi. Mwili ya mutu inashika umeme ya nyumba bila kujua. Bafle inasikia. Jaribu, mama."

Sikutaka. Nikajaribu. Nikalamba kidole changu kilichofanya kazi miaka yangu yote, nikagusa ile ncha, na bafle ikanguruma kwa ajili yangu pia, nzito, kama mtu anayeamka. Sikupigwa na umeme, sikuumia. Nilikuwa nimekaa tu kitini, na bado nililia ndani ya kile kisanduku. Nimezaa, nimezika, nimewaombea wengine usiku wa mizinga; sikuwahi kujua kwamba hata nikinyamaza kuna kitu ndani yangu kinachosikika.

"Donc, basi bafle iko muzima," fundi akasema. "Na waya iko muzima. Tusitafute ugonjwa kwanza, mama. Tutafute kila kitu kizima, tukiweke kando. Kitakachobaki ndicho mugonjwa."

"Na unga?" mke wa mwanangu akauliza.

"Unga haina kosa."

Nikamtazama mke wa mwanangu kwa muda wa kutosha.

Fundi akachomeka waya tena mahali pake, tundu lenye rangi ya majani. Mke wa mwanangu akabofya. Kimya. Lakini fundi akainama karibu na kioo.

"Hii hesabu inayotembea ni nini?"

Pale chini palikuwa na tarakimu. Moja, mbili, tatu, zikipanda bila kusimama.

"Ni wakati," mke wa mwanangu akasema polepole. "Wakati ya sauti. Iko nasema. Iko nasema sasa hivi."

Sote watatu tukatazama zile tarakimu. Kumi na nne. Kumi na tano. Mwanangu alikuwa anaongea mbele yangu, umbali wa mkono, na maneno yalipita moja moja kama watu wanaopita nyuma ya ukuta wa matofali. Niliweka kiganja juu ya lile sanduku la mashine. Lilikuwa na joto. Nimekaa kanisani miaka mingi, nikapiga magoti nilipoambiwa nipige. Siku ile magoti yalipiga yenyewe.

"Rudisha nyuma," nikasema. "Asimalize bila sisi."

Akamrudisha mwanzo, akamsimamisha. Akasukuma juu kila kitu cha sauti alichokiona pale, hadi mwisho. Akaanza tena. Kimya.

Fundi akavua miwani. "Mutoto anasema. Bafle inangoja. Katikati kuna mulango mutu amefunga. Labda ni koo ya mashine, na koo mupya inatoka Kampala tu."

Nje nikasikia mbao zinagongana. Shemeji alikuwa amefika njiani na vijana wawili, wamebeba benchi za matanga.

"Mashine hii iliwahi kusema?" fundi akauliza.

"Ilikuwa inaimba," mke wa mwanangu akasema. "Ukiifungua, ilikuwa inaimba kidogo."

"Iliacha lini?"

Akafikiri. Nje shemeji alikuwa anaelekeza: benchi hii huku, ile chini ya paa.

"Iliacha..." Akaweka mkono kinywani. "Iliacha siku jogoo ilikufa."

Fundi hakuelewa. Mimi nilianza kuelewa.

"Mama, ulisema kila kitu. Ulisema kila kitu kifunge kinywa. Nikafikiri, mashine inaimba, askari watasikia. Nikaifunga." Akaonyesha pembeni ya kioo. Palikuwa na picha ya bafle, ndogo kama punje ya mchele, imepigwa alama nyekundu juu yake. "Niko naona hii kila siku. Miaka mbili niko naona. Mwisho nikazani iko vile."

Si unga, basi. Ni neno langu. Nimelea watoto sita, na hakuna hata mmoja aliyenitii hadi chakula cha jioni. Mashine ile, isiyonijua, iliyopokea amri yangu kwa mkono wa mtu mwingine, iliitunza miaka miwili bila kupumzika. Ilitii hata mbele ya mwanangu mwenyewe.

"Fungua," nikasema.

Akabofya.

Tulikuwa tumesahau kitasa. Tulikuwa tumesahau kwamba kila kitu kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho.

"MAMA! NI MIYE!"

Madirisha yalitetemeka. Kuku wa jirani waliruka. Nje benchi ilianguka chini. Mke wa mwanangu alirukia kitasa ili apunguze, kwa sababu kambi ilikuwa pale pale nyuma ya ukuta. Nikamshika mkono. Mimi, niliyemchinja jogoo.

"Acha," nikasema.

"Mama, askari!"

"Acha wasikie. Mutoto iko na mama yake."

Naye akaendelea, mkubwa kama padri wa kanisa kuu: "Leo ni Jumapili ya Matawi. Batu wanapita huku na matawi, pengine mutasikia. Hii ni Matawi ya ine bila nyinyi. Nilikuwa mugonjwa sana, homa, karibu niende, lakini niko. Mwambie bibi yangu niko. Asikate tamaa. Mama, yule jogoo yako bado anaamsha batu saa tisa? Siku hizi ningetoa pesa nimusikie."

Mke wa mwanangu alikuwa anahesabu kwa vidole: Matawi moja, mbili, tatu, ine. Ya nne ilikuwa ya mwaka ule, majuma machache tu yaliyopita, na aliyekufa kabla ya Noeli hawezi kuiona. Akaweka kichwa chake chenye misuko yote juu ya meza, karibu na bafle, akalia kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia, kwa sababu mume wake alikuwa anaongea.

Shemeji alisimama mlangoni. Alikuwa amevua kofia. Naye alikuwa anahesabu, midomo inasogea. Akageuka akawaambia wale vijana, "Ingizeni benchi."

"Za matanga, tonton?"

"Ingizeni. Batu watakaa wapi?"

Maana majirani walikuwa wamekwisha kuingia uwanjani. Wakakaa juu ya benchi za msiba wakamsikiliza mtu mzima. Askari wawili walikuja hadi kwenye mlango wa uwanja, wakauliza ni nani anayepiga kelele. Shemeji akawajibu bila kugeuka, "Mutoto yetu." Wakasimama kidogo. Mmoja wao, bado kijana, alisikiliza hadi mwisho, halafu wakaenda.

Fundi hakutaka malipo. Alikunywa chai, akaomba aguse tena ile alama ndogo kwa macho tu, akatikisa kichwa, akapanda toleka.

Walipoondoka wote, mke wa mwanangu aliweka mkono kwenye mashine.

"Mama, nifunge tena sauti?"

"Umeme iko?"

"Iko."

"Basi mwanzishe tena," nikamwambia. "Sikusikia vizuri pale pa jogoo."